Zulia la maua la Onam kwenye nguo: duara nilikalishe wapi?

sindano_upanga (Dar es Salaam)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Nina kazi imenikalia kichwani. Kuna kikundi cha kina mama wa Kerala, kusini mwa India, wanaoishi hapa Dar. Wachezaji kumi na waimbaji wawili. Wanataka nguo za Onam, sikukuu yao ya mavuno inayoangukia kati ya Agosti na Septemba. Kiongozi wao amenitumia picha ya pookalam, yaani yale maua yanayopangwa sakafuni kwa miduara mpaka yanakuwa zulia, akaniambia: "Nataka hii kwenye nguo. Lakini isiwe ile nyeupe yenye ukingo wa dhahabu tunayovaa kila mwaka, na isiwe sare ya kitchen party."

Nimechora mpaka daftari limeisha. Duara nikiliweka kifuani, inakuwa fulana ya kampeni. Nikiliweka tumboni, mvaaji anaonekana mjamzito. Nikiliweka nyuma linakaa hasa pale ambapo hamtaki nipataje. Nikilirudia dogo dogo nguo nzima, linageuka kitambaa cha maua cha kawaida, kile cha Kariakoo cha mapazia.

Wanataka pamba, si poliesta. Nina kama wiki sita. Na jambo jingine: je, kuna la kidini humo ambalo nikilishona vibaya nitawaudhi?

---

kaptula_na_kanzu

Mbona rahisi. Tafuta wanaochapa picha kwenye kitambaa, wape picha, wakupe gora. Siku mbili umemaliza.

---

sindano_upanga

Kaka, wanaochapa picha ninaowajua mimi wanachapa kwenye poliesta. Kwenye pamba inabaki imefifia, au inabandikwa kama plastiki, jasho halipiti. Na bado sijajua picha yenyewe ikae wapi.

---

bi_salma_ruwi (Maskati)

Marahaba mwanangu.

Mie mtoto wa Mkunazini, Unguja, lakini nashona hapa Ruwi mwaka nenda mwaka rudi, na jengo ninalokaa nusu ya milango ni ya watu wa Kerala. Onam ikifika korido zima ni maua, na haliishi siku ile, maana huku sherehe zao zinasukumwa wikiendi hadi wikiendi kwa sababu ya kazi. Kwa hiyo hili nimelitazama kwa jicho la fundi, nimechutama pembeni, naambiwa nisogeze buibui langu lisije likapeperusha petali za watu.

Hebu iweke picha kando. Picha imepigwa kutoka juu, inakuonyesha kitu kilichokwisha. Wewe angalia kinavyotengenezwa. Mtu anabana uzi katikati ya sakafu kwa kidole, ncha ya pili anafunga chaki, anazungusha. Anarefusha uzi, anazungusha tena. Halafu tena. Akimaliza miduara ndipo anaigawa kwa mistari, kama anataka vipembe au petali kubwa, kisha anaanza kumwaga maua kutoka katikati kwenda nje, kwa kuwa akianzia nje atakuja kuyakanyaga.

Sasa wewe sketi ya duara unaikataje? Unakunja kitambaa, unabana tepu kwenye kona, chaki ncha ya pili, unazungusha cha kiuno, unarefusha, unazungusha cha pindo. Kazi ni ile ile moja! Yeye katikati anajaza, wewe katikati unatoboa apite mtu.

Ndiyo maana duara lako limekosa pa kukaa. Usilikalishe popote, nguo yenyewe iwe ndiyo duara. Kiuno cha mama ndiyo kitovu cha zulia, miduara ya rangi inashuka kutoka kiunoni hadi pindoni. Akisimama unaona mikanda ya rangi inayoanguka kwa mawimbi, hujui ni nini. Akizunguka, au akikaa chini sketi ikatandazika, zulia hilo. Na hao wacheza ngoma wako bila shaka watacheza Thiruvathira, ile ya kina mama kuzunguka taa huku wakipiga makofi na kuinama. Basi imekuja yenyewe.

Sasa maua, maana hapa ndipo wabunifu wengi wanapopotea. Wanaona "maua" wanachora ua. Kwenye pookalam nzuri huoni ua hata moja! Unaona rangi. Jamanthi la njano na la chungwa halipangwi zima, linachambuliwa petali zake zikamwagwa, ukiweka kiganja juu ni laini, limevimba. Vadamalli la zambarau, lile ua la mviringo gumu ambalo hata likikauka rangi haliondoki, hilo linapangwa zima, kichwa kwa kichwa, linakuwa vifundo vifundo. Chethi nyekundu ni vijiua vyembamba vyenye ncha nne. Shankupushpam ni buluu, nayo inanyauka upesi. Kijani ni majani yaliyokatwa. Nyeupe ni thumba, kiua kidogo cha porini, na wenyewe wanaofuata desturi hawakubali siku ya kwanza ipite bila hicho. Wa mjini wananunua jamanthi la malori kutoka Tamil Nadu na Karnataka, na huku kwetu linakuja kwa ndege, kwa hiyo thumba ni bahati. Jirani yangu mmoja hutumia nazi iliyokunwa badala yake, na ile nazi anaipaka rangi akikosa ua la rangi anayotaka. Bibi yake aliyekuja kumtembelea alinuna kutwa.

Kila mduara una ua lake, na rangi hazichanganywi. Hakuna kivuli, hakuna mstari mweusi wa kuzungushia. Rangi moja inaishia pale nyingine inapoanzia. Ukiichapa kwa picha utapata vivuli na petali za kamera, na yote hayo yatakuwa yamekufa.

Jambo jingine, nalo nadhani litakusaidia zaidi kuliko hayo. Onam ni siku kumi. Siku ya kwanza inaitwa Atham, zulia ni dogo. Kila siku linaongezwa, mpaka siku ya kumi, Thiruvonam, limejaa ukumbi. Yote hayo ni kumpokea mfalme Mahabali, ambaye kwa masimulizi yao alitawala kwa haki mpaka akashushwa chini ya ardhi, na anaruhusiwa kuja mara moja kwa mwaka kuwaona watu wake. Sasa wewe una wachezaji wangapi vile? Kumi. Mimi ningekuwa wewe, mchezaji wa kwanza ningempa mduara mmoja wa rangi kiunoni, sketi iliyobaki rangi ya maziwa. Wa pili miwili. Mpaka wa kumi, sketi nzima rangi. Wakiingia jukwaani kwa mstari, anayejua Onam atahesabu mwenyewe. Waimbaji wawili wabaki na nguo yao ya nyeupe na dhahabu, na ile kanuni ya mteja wako waivunje wao, maana pasipo nyeupe hizo rangi zitakosa pa kupumzika.

Kuhusu dini. Onam huko kwao wanaisherehekea Wahindu, Wakristo na Waislamu pia. Jirani yangu wa juu ni Mkristo na zulia lake hushinda la wote. Ila kuna kitu kimoja usikiguse: vile vijumba vya udongo vyenye kichwa cha piramidi wanavyoviweka katikati ya maua, Onathappan. Hivyo ni vya ibada. Usivichore kwenye sketi, mtu akaja kuvikalia.

---

sindano_upanga

Bi Salma, shikamoo tena. Nimesoma nikasimama. Ngoja nipige hesabu nirudi.

---

batiki_temeke

Wazo la Bi Salma zuri, mimi naongeza upande wa rangi, maana ndiko ninakolala na kuamkia.

Miduara ndani ya miduara ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwa kufunga kamba. Tandaza kitambaa, shika katikati, kiinue kining'inie, kisha funga kamba kila umbali unaotaka kuelekea chini. Ukifungua umepata miduara. Hakuna mshono.

Anza na rangi nyepesi umalizie na nzito. Njano kwanza kitambaa kizima. Funga pale unapotaka njano ibaki, tumbukiza chungwa. Funga, nyekundu. Funga, zambarau iliyoiva. Kijani utakipata kwa kupitisha buluu juu ya njano, ila hicho kifanye sehemu yake peke yake, la sivyo buluu ikigusa nyekundu unapata rangi ya matope. Mimi kwa kitambaa kimoja siendi zaidi ya rangi nne. Kumi utachanganyikiwa na kamba.

Kitambaa kipya kifue kwanza, uondoe wanga wa kiwandani, bila hivyo rangi inakaa juu juu. Na kama unatumia kostiki soda na haidrosalfaiti, vaa glovu, fanyia nje penye upepo.

Kuna wateja siku hizi wanaomba rangi ya maua yenyewe. Jamanthi ukilichemsha linatoa njano nzuri na inashika, ukiloweka kitambaa kwanza kwenye maji ya maganda ya komamanga na baadaye kwenye shabu. Pamba bila shabu ni kujisumbua. Lakini ile buluu ya shankupushpam msidanganyane. Inapendeza kwenye bakuli, ukidondoshea ndimu inageuka zambarau, watoto wanashangilia, halafu jua la wiki moja inakwisha. Sare ya kucheza ngoma, jasho na jua, tumia rangi ya dukani.

---

bi_salma_ruwi

Batiki, kazi yako naiheshimu, lakini kwa hili mie sikubaliani. Kamba inaacha ukingo unaovuja, rangi inaingia kwenye jirani yake kwa ndevu ndevu. Kwa batiki huo ndio uzuri wake. Kwa pookalam ni kasoro. Nimewaona wanawake wazima wamepiga magoti na kijiti cha meno wanasogeza petali moja ya chungwa iliyoruka kwenye nyekundu. Ukingo ndio wanaoshindania, hata kwenye mashindano ya maofisini huku majaji wanaangalia hapo kwanza. Kwa hiyo ni kipande kwa kipande, mshono.

---

mlamu_wa_langoni (Lamu)

Naomba nichokoze kidogo. Tunahangaika na maua ya Kerala, na yetu je? Huku kwetu mwanamke hakuenda harusini bila kikuba. Asumini, rehani, mkadi uliokatwa vipande, kilua kikipatikana, vinafungwa pamoja, vinabandikwa kifuani au kwenye nywele. Bibi arusi anavishwa koja la asumini. Hiyo nayo ni sanaa ya maua ya sherehe, tena haiwekwi sakafuni, inavaliwa! Mbunifu wa pwani akitaka maua aanzie hapo. Na kwenye leso zetu korosho na maua yamejaa tangu zamani, mji una duara lake, pindo lina lake.

---

sindano_upanga

Kaka wa Lamu, nakubali, ila huyu mteja ni wa Kerala, sikukuu ni yake. Siwezi kumvisha kikuba Onam. Lakini hilo la leso umenipa kitu. Nilipokutana nao niliona wana nguo yao inayoitwa set mundu, vipande viwili, kimoja cha kufunga kiunoni kingine cha kutupia juu. Nikajiambia hii si doti ya kanga hii? Ukingo wake wa dhahabu ni pindo kabisa. Tofauti ni kwamba haina jina chini.

---

zulekha_wa_roma

Nachungulia tu. Huku Italia kuna mji unaitwa Genzano, kusini mwa Roma, wana zulia la maua barabarani kila Juni, sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, tangu 1778. Wao ni kinyume cha anachosema Bi Salma: wanachora picha hasa, nyuso za watu, michoro maarufu, kwa petali. Halafu mwishoni watoto wanaachiwa washuke mbio kutoka juu walivuruge lote. Nguo zenye michoro ya aina hiyo nimeziona, ndizo zinazochoka haraka machoni. Kwa hiyo namuunga mkono bibi: miduara, si picha.

---

sindano_upanga

Nimerudi na hesabu. Naomba mnikosoe.

Kiuno cha wastani nimechukua sentimita 76. Gawanya kwa 6.28, nusu kipenyo cha kiuno ni 12. Urefu wa sketi 90. Miduara kumi, kila mmoja sentimita 9, kwa hiyo nusu kipenyo cha mwisho ni 102. Kitambaa cha upana wa 115 kinanitosha kukata nusu duara mbili na kuunganisha ubavuni, kama mita 4 na robo kwa sketi ambayo ni rangi moja. Pindo la nje linazunguka mita 6 na sentimita 40 hivi. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Mishono sasa. Sketi yenye rangi zote kumi ina mishono tisa ya kuzunguka, jumla karibu mita 32. Zote zingekuwa hivyo, ni zaidi ya mita 320. Lakini kwa mpango wa Bi Salma wa kuongeza mduara mmoja kila mchezaji, inashuka mpaka kama mita 160. Nusu! Sikutarajia. Na mimi nina vijana wawili na cherehani tatu, moja ni ya umeme.

Maswali yaliyobaki:

Mshono wa duara kwa duara unakunjamana. Dawa yake?

Mteja amekubali waimbaji wavae nyeupe na dhahabu, lakini sasa anataka na wachezaji wawe na dhahabu kidogo. Nimepata kitambaa cha kasavu, ile pamba yao ya Kerala, chenye ukingo wa zari. Nikikata ule ukingo nikauzungushia pindo la chini?

Nguo nyeupe ya kuanzia nichukue ipi? Bafta iko bei nzuri.

---

bi_salma_ruwi

Hesabu yako safi. Umenifurahisha kwa hiyo ya mita 160, mie sikuipiga.

Bafta usinunue. Nyeupe pe ile, utawapandisha jukwaani kina mama kumi wamevaa sanda. Nguo yao ya Kerala si nyeupe, ni rangi ya maziwa, ya pamba isiyopaushwa. Tafuta pamba nyepesi ya rangi hiyo, ifue, ipige pasi, ndipo ukate. Na hizo za rangi zifue peke yake kila moja kabla ya kushona. Nyekundu khasa. Nyekundu ikichuja kwenye maziwa hakuna sala itakayoitoa.

Mikunjo. Kila mkanda umeongeza sentimita moja ya mshono juu na chini? Kama hujaongeza, sketi itapanda juu sentimita nyingi kwa yule wa kumi, na ya wa kwanza itabaki ndefu, watakuwa hawalingani. Halafu ukingo wa juu wa mkanda wa chini, ule uliobonyea ndani, uchanje kwa ncha ya mkasi kila sentimita mbili, usifike kwenye mstari wa kushona. Pini nne kwanza: mbele, nyuma, ubavu na ubavu. Kisha katikati ya hizo. Usiuvute, uache uende wenyewe. Mkanda wa kwanza chini ya kiuno ndio utakaokutesa kwa kuwa duara lake ni dogo, huko chini mwendo ni mlaini, vijana wako wape hizo.

Ukimaliza, usipige pindo. Ning'iniza sketi kwa kiuno usiku kucha, au mbili ukiweza. Duara lina sehemu ambazo uzi wa kitambaa umekaa mshazari, hizo zinashuka, nyingine hazishuki. Asubuhi mvalishe mtu, pima kutoka sakafuni kuzunguka, kata sawa, ndipo pindo. Pindo jembamba, la kuviringisha. Pindo pana kwenye duara linakunjamana tena.

Zari hapana, si chini. Ukingo wa kasavu umefumwa mnyoofu pamoja na kitambaa chake, nyuzi zake hazikubali kuzunguka. Ukiulazimisha pindoni utainuka kama kola. Wewe unayo mahali panyooka: mkanda wa kiuno, na mikono ya blauzi. Kiunoni ndiko kitovu cha zulia, dhahabu ikikaa hapo inakuwa kama ile taa ya shaba wanayoiwasha katikati. Na kitambaa kinachobaki mkate blauzi humo humo, fupi, mikono hadi kiwiko, bila maua. Wabunifu wa siku hizi wakiona nafasi tupu wanaugua. Blauzi iache wazi.

Tarizi usiwekee zote. Mchezaji wa kumi peke yake, mduara mmoja wa zambarau, mjazie vifundo vya uzi au vishanga vya mti, ili awe na ile vadamalli ya kugusika. Na wa chungwa mmoja, kama vijana wana muda, vipande vya kitambaa vilivyokatwa bila kukunjwa, vishonwe katikati tu, vifumuke pembeni. Basi. Zaidi ya hapo sketi inakuwa nzito, mama hawezi kuzunguka.

Mlamu wetu nisimsahau. Maneno yake ya kikuba ni kweli tupu, na mie nikiwa Unguja nimefungiwa vikuba vingi tu. Lakini uzuri wa kikuba ni harufu, na harufu huichapi. Wabunifu wa pwani wakichora asumini kwenye dera wanadhani wamemaliza. Mie wateja wangu wa hapa, wanawake wa Kizanzibari, nawashonea kitanzi kidogo cha ndani kwenye shingo ya gauni, upande wa kushoto, cha kupachika kikuba bila pini, maana pini inatoboa shifoni. Nje huoni kitu. Ukipita unasikia. Hicho ndicho ninachokiita kuchukua sanaa ya maua ukaitia kwenye nguo. Kaka, ukiwa na fundi huko Lamu mwambie ajaribu.

---

mlamu_wa_langoni

Nimeshindwa kubisha. Dada yangu ana cherehani, nampelekea hilo la kitanzi leo leo.

---

batiki_temeke

Bi Salma umenipiga mbele ya watu lakini sawa. Sindano, zile rangi za vipande nikutengenezee mimi basi, ili njano na chungwa zitoke chungu kimoja na zisigombane. Dukani utapata njano ya huku na chungwa ya kule, hazitaelewana. Nitumie kipande cha hiyo pamba yako kwanza nijaribie.

---

sindano_upanga

Kaka Batiki, nakuletea kesho Temeke mwenyewe. Nimeamua rangi saba, si kumi: njano, chungwa, nyekundu, zambarau, kijani, buluu moja na nyeupe ya maziwa ya kurudia kati ya nyekundu na zambarau, maana bila hiyo hizo mbili zinakwenda giza jukwaani. Njano na chungwa zitarudiwa kutimiza miduara kumi. Kiongozi wao nimempigia, swali lake la kwanza lilikuwa nani atakuwa wa kumi. Nimemwambia hilo si la fundi.

Bi Salma, la mwisho: ile zari pasi gani?

---

bi_salma_ruwi

Zari ya siku hizi nyingi ni uzi wa plastiki uliopakwa rangi ya dhahabu, ikiguswa na pasi ya moto wa pamba inasinyaa na haitengenezeki. Ipige upande wa nyuma, moto mdogo, kitambaa cha pamba katikati, usinyunyize maji. Jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni. Na waambie wenyewe, maana watakwenda nazo nyumbani na pasi zao.

Hilo la nani awe wa kumi, kaa nalo mbali kama ulivyofanya. Ila sketi ya kumi ikate kwa kiuno kikubwa na uweke kamba ya kubania, kwa sababu watabadilishana siku ile ile ya sherehe.